Hekalu la Jino, Kandy: mavazi na saa za kwenda

Dada, umeuliza kama asiye Mbuddha anaruhusiwa kuingia Hekalu la Jino la Buddha kule Kandy, Sri Lanka, avae nini na aende saa ngapi. Ruhusa ipo, wageni hukata tiketi. Funika mabega na magoti. Nyeupe ndiyo rangi yao ya ibada, ukiwa nayo vaa. Viatu unaviacha nje, na jua likishapanda mawe ya uani huunguza nyayo kwelikweli, kwa hiyo beba soksi.

Saa ndiyo ya kupanga vizuri. Ibada ni tatu kwa siku: saa 11:30 alfajiri, saa 3:30 asubuhi na saa 12:30 jioni. Mimi ningekushauri ya alfajiri. Ngoma zinapigwa chini, waumini wanapanda ghorofani na maua ya yungiyungi mikononi, wanayapanga mbele ya chumba cha jino mpaka meza yenyewe haionekani. Jino hulioni, unaona kasha la dhahabu tu, tena kwa muda mfupi maana foleni inasogea. Mapokeo yao yanasema ni jino la Buddha, lililoletwa kisiwani karne ya 4 na binti mfalme Hemamali, kalificha ndani ya nywele zake.

Tafadhali sana, usipige picha ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Buddha. Inawaumiza, na wewe ni mgeni wao.

Ukienda Julai au Agosti, ulizia mapema tarehe za Esala Perahera, maandamano yao ya kidini, kwa sababu vyumba mjini hujaa.