Baba, si kufanywa vibarua wa bure?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni anacheka unavyonong'ona. Unasema idara imewapa mchague: kila mtu afanye mradi wake wa mwaka wa mwisho maabara, au mjiunge watano watano mpewe tatizo la kiwanda, na kundi lenu limeangukia chupa za juisi zinazovuja kwenye vifuniko. Halafu unauliza: "Baba, huko si kufanywa vibarua wa bure?"

Inaweza kuwa hivyo. Nilishaliona kwa macho yangu.

Enzi zangu za zamu kwenye kiwanda cha unga tuliletewa wanafunzi wanne. Karatasi ya ofisini ilisema viroba vinarudishwa na wenye maduka, unga umeganda na unanuka uvundo. Kwa hiyo watengeneze kifaa cha kupima unyevu wa mahindi yanapopokelewa. Wiki mbili walishinda mizanini na kompyuta zao. Mahindi makavu kabisa. Mmoja wao, binti mkimya ambaye wenzake walimhesabu mzigo, akaomba kubaki zamu ya usiku. Saa nane hivi, mama mmoja wa kushona viroba akamshika mkono, akauzamisha ndani ya kiroba ambacho hajakifunga. Binti akaruka. Unga ulikuwa wa moto kama chapati inayotoka kikaangoni.

Mchana unga ulikuwa unapumzishwa. Usiku, ili hesabu ya zamu itimie, tulikuwa tunaufunga ukitoka kinuni moja kwa moja, nao ukitoka jasho ndani ya mfuko unashika madonge. Sisi wa zamu tulijua. Hakuna aliyetuuliza, na kusema kweli hatukuwa na hamu ya kuulizwa.

Ripoti yao haikuwa na kifaa chochote, ila mchoro wa njia ya kupoozea unga, yenye feni, kati ya kinu na mizani ya kufungashia. Ikajengwa. Baadaye wageni walipokuja, meneja akawaonyesha kama ubunifu wa kiwanda. Majina ya wale vijana hayakutajwa, na hata nauli zao za usiku hawakurudishiwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na ufunguo wangu wa spana mkononi, nikanyamaza. Hilo bado linaniuma kidogo.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, ila nenda na mkataba. Chuo cha Harvey Mudd kule California kinafanya mambo haya tangu 1963. Kampuni inaleta tatizo lake, inalipa ada chuoni, na wanafunzi wanne au watano wanalishughulikia mwaka mzima wa masomo wakiwa na mwalimu. Matokeo kwa kawaida ni mali ya kampuni, lakini hilo limeandikwa kabla mtu hajashika kalamu, na kila mmoja anajua anachotoa na anachopata. Mwambie msimamizi wenu aandike barua ya namna hiyo: nauli nani analipa, mchoro ni wa nani, majina yenu yatakaa wapi. Kiwanda kikigoma kusaini hata ukurasa mmoja, rudini maabara, na mimi sitawalaumu.

Jingine, msiiamini sana ile karatasi mliyopewa na kiwanda kuhusu vifuniko. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko huko California, walipewa kazi ya kubuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunzia joto watoto njiti wa Nepal. Mmoja wao akafunga safari hadi huko, akakuta mashine za msaada zimekaa tupu hospitalini mjini, huku watoto wakizaliwa vijijini, mbali na umeme. Wakaachana na mashine. Wakaja na kitu kama begi dogo la kulalia, lenye mfuko wa nta maalumu unaoshika nyuzi joto 37 kwa saa kadhaa. Kikaitwa Embrace. Wangebaki darasani, wangetengeneza mashine nzuri sana isiyo na kazi.

Na huyo mwenzenu unayesema anategea kazi kwenye kundi, msimsemee kwa mwalimu kwanza. Mpeni kazi ya kwenda kila Ijumaa kumweleza msimamizi wa zamu mmefikia wapi. Kutegea mbele ya wanafunzi wenzako ni rahisi. Mbele ya fundi aliyesimamisha mashine akikusubiri, aibu inakutoa jasho.

Na mkifika, anzeni na anayeokota chupa zilizovuja, sio ofisini. Msalimieni vizuri, mkae naye hata zamu nzima.

Buti zangu za kazi bado ziko stoo. Zitakuwa kubwa, vaa soksi mbili. Nazipakia kwenye basi la Alhamisi pamoja na kilo kumi za unga wa mama yako, na umepoa, nimeingiza mkono mwenyewe.

Baba yako