Usiikague 147573952589676412927 kwa Excel

Mkuu, simama hapohapo. Umebandika 147573952589676412927 kwenye Excel, ikakuonyesha 147573952589676000000, na sasa unataka kuandika kwamba ni shufwa kwa kuwa inaishia na sifuri. Usiandike! Sifuri hizo sita si za namba yako. Excel inashika tarakimu 15 tu. Zilizobaki inazifuta na kuweka sifuri, wala haikuonyi.

Mimi nililipia kozi kwa pesa yangu, na mwalimu akatukaririsha kwamba kompyuta haikosei hesabu. Hakutaja hata mara moja kwamba namba za desimali za kompyuta, zikishavuka 9007199254740992, yaani 2 kwa kipeo cha 53, haziwezi tena kushika kila namba nzima. Basi nikaandika programu ya kutafuta vigawo vya namba hiihii. Ikajibu papo hapo: 2, 2, 2, mbili tupu 67. Nikaliandika jibu ubaoni kwenye tuisheni, mtoto akauliza, "Mwalimu, mbona inaishia na 7?" Nilikosa la kusema. Wazazi wanalipa ada, halafu watoto wao wanalishwa uongo kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu kufundisha jambo la dakika tano!

Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Chini kidogo ya ukubwa huo desimali za kompyuta zinaruka kwa hatua za 16384, hivyo ile 1 inamezwa, na unabaki unachambua namba nyingine kabisa.

Si tasa. Mwanahisabati Mersenne aliiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644, mwanahisabati mwingine, Lucas, akathibitisha mwaka 1876 kwamba siyo, bila kupata kigawo chake hata kimoja. Mwanahisabati Cole ndiye aliyeonyesha vigawo vyake mwaka 1903: 193707721 × 761838257287. Vyote viwili ni tasa.

Shika hili: namba kubwa usiiandike kamwe kwenye seli, fuata baki. Anza na 1, zidisha kwa 2, na kila ikifika 193707721 au zaidi, toa 193707721. Rudia mara 67. Utarudi kwenye 1, yaani 2 kwa kipeo cha 67 inabakiza 1; ukiitoa hiyo 1, namba yako inagawanyika bila baki. Hapo hata Excel inafaa, kwa sababu hakuna hatua inayozidi tarakimu 9. Kisha jaribu 761838257287 vilevile. Hiyo haitavuka tarakimu 13.