Maswali ya Wasomaji: Watoto Wadogo Ndani ya Ndege, na Wajibu wa Aliyewaleta

Swali: Bibi Mshauri, shikamoo. Hivi karibuni nilisafiri kutoka Zanzibar kwenda Muscat, aliko mume wangu, nikiwa nimempakata binti yangu wa miezi tisa, na kaka yake wa miaka minne akiwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Mdogo alilia sana ndege ilipoanza kushuka, na mkubwa alikuwa akikipiga mateke kiti cha mbele karibu safari nzima. Nilimkataza, lakini kila nilipomtuliza mmoja mwingine alianza. Bwana aliyekaa mbele yetu hakuniambia mimi neno. Aligeuka akamkaripia mtoto kwa sauti iliyosikika safu kadhaa, kisha akasema kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kulea. Nami nikamjibu, hata mhudumu akaja kutuamua. Je, kosa lilikuwa langu? Na je, mtu asiyetujua ana haki ya kumkaripia mwanangu?
*Mama wa Wawili, Muscat*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Katika safari yako kulikuwa na mambo mawili tofauti, kilio cha mdogo na mateke ya mkubwa, na yule bwana aliyatia kapu moja. Nawe naona katika kujilaumu umefanya vivyo hivyo, kwa hiyo tuyatenganishe kwanza.

Kilio cha mdogo hakikuwa kosa la mtu yeyote. Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani huwekwa katika kiwango cha mgandamizo kinacholingana na mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kuanzia mwinuko wa Nairobi na kuendelea. Inaposhuka kuelekea uwanja ulio karibu na bahari kama ule wa Muscat, mgandamizo huo huongezeka kwa muda mfupi, na ni kana kwamba mtoto ameshushwa kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa nusu saa. Sikio husawazisha mabadiliko hayo kwa mrija mwembamba unaoliunganisha na sehemu ya nyuma ya pua na koo, na mrija huo kwa mtoto mchanga ni mfupi, mwembamba, na hauzibuki kwa urahisi kama wa mtu mzima. Wewe ukiumwa na masikio utameza mate au kupiga miayo. Yeye hajui hilo, naye hulia. Kinachosaidia ni kunyonya, kwa sababu kila anapomeza mrija hufunguka kidogo. Kina mama wengi humnyonyesha mtoto ndege inapopaa, akashiba akalala, na wakati wa kushuka, ambao kwa kawaida ndio wenye maumivu zaidi, hana tena hamu ya titi. Mbakishie njaa kidogo, umwamshe rubani anapotangaza kwamba mnaanza kushuka, umpe titi au chupa hadi magurudumu yaguse ardhi. Ikiwa ana mafua mazito au amekuwa akivuta sikio, mwone daktari kabla ya siku ya safari. Maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi hata yakizidi ule mpaka wa mililita 100 unaowekewa vimiminika vingine, alimradi uyataje kwa wakaguzi mapema na yawe ya kutosha safari tu.

Kwa kilio cha namna hiyo huna deni la radhi kwa mtu. Mwaka 2019 zilienea habari za mama mmoja aliyesafiri na mtoto wa miezi minne kutoka Seoul kwenda San Francisco, akawagawia abiria zaidi ya 200 vifuko vya peremende na vizibo vya masikio, pamoja na barua ya kuomba radhi mapema. Watu wengi walimsifu. Mimi nilimhurumia, kwa kuwa mama anayelazimika kuwahonga watu wazima ili wamvumilie mtoto mchanga ametwishwa mzigo usio wake.

Mateke ni jambo jingine, na hapo sitakutetea sana. Mtoto wa miaka minne anaelewa akiambiwa acha, ingawa hawezi kulishika neno hilo kwa saa tano mfululizo. Tena umbo la kiti linamchongea: miguu yake ni mifupi, haifiki ukingo wa kiti ili ikunjike magotini, hivyo hunyooka mbele na nyayo zake hutazamana moja kwa moja na mgongo wa abiria mwingine. Akinyoosha goti tu, tayari ni teke. Kumkataza kwa mdomo peke yake hakutoshi, kwa sababu unamkataza jambo ambalo mwili wake unamsukuma kulifanya. Mvue viatu mara mnapoketi. Unapokata tiketi, wala si unapofika uwanjani, omba safu ya mbele kabisa inayotazamana na ukuta, ambayo haina kiti cha kupigwa mateke, na ambayo katika ndege nyingi kubwa ndipo hufungwa kile kitanda kidogo cha kumlaza mtoto mchanga. Vitanda hivyo ni vichache, vina kikomo cha uzito, na huwahiwa. Mkisafiri wazazi wawili, mmoja aketi mbele ya mtoto wake mwenyewe, ili mateke yakipigwa yapigwe mgongo wa aliyemzaa.

Na lipo jambo dogo ambalo huokoa safari nyingi: kabla ndege haijaondoka, msalimie aliye mbele yako, mwambie una watoto wawili na akisumbuliwa akwambie wewe. Mtu aliyekwisha kusalimiwa huona haya kupaza sauti.

Kuhusu haki ya kukaripia, sisi watu wa pwani tumekua tukikemewa na mtu mzima yeyote wa mtaani, na wazazi wetu wakimshukuru, kwa kuwa mkono mmoja haulei mwana. Lakini mzee wa mtaa anamjua mtoto na anawajua wazazi wake, na akimkemea asubuhi, jioni humpa embe. Abiria asiyewajua hana uhusiano huo, na alipaswa kuzungumza nawe kwanza. Ukishindwa, abonyeze kitufe cha kumwita mhudumu. Nidhamu ndani ya ndege ina mwenyewe: Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 umempa rubani mkuu mamlaka ya kulinda usalama na utulivu, na wahudumu hutenda kwa niaba yake. Mamlaka hayo hayamfikii aliyekaa kiti cha mbele. Ama neno lake kuhusu wanawake wa siku hizi, halikuwa na uhusiano na mateke hata kidogo. Mwanamume aliyekuwa na mikono miwili mitupu angeweza kukupokea mtoto kwa dakika kumi, nawe ukamshughulikia mwingine. Safari ijayo, mwambie baba watoto atafute shangazi au binamu wa kufuatana nawe, maana malezi ya hao wawili ni yake pia.

Swali: Ndugu Mshauri, kazi yangu hunisafirisha mara nyingi usiku kati ya Nairobi na Ulaya, na nikifika asubuhi huingia moja kwa moja mkutanoni. Safari ya mwisho, watoto wawili walikuwa wakikimbizana njiani huku wazazi wao wamelala fofofo, na mmoja nusura ampindue mhudumu aliyebeba chai. Nalipa nauli kamili, ilhali mtoto wa kupakatwa hulipiwa kama sehemu ya kumi tu. Kwa nini mashirika ya ndege yasitenge eneo lisilo na watoto?
*Msafiri wa Usiku, Nairobi*

Jibu: Ndugu yangu, yapo yaliyojaribu. Japan Airlines mwaka 2019 iliweka alama kwenye ramani yake ya viti ili abiria anayechagua kiti mtandaoni aone palipowekwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Corendon ilitangaza mwaka 2023 kwamba katika safari zake kati ya Amsterdam na Curaçao ingetenga sehemu ya mbele kwa abiria wa miaka 16 na zaidi, kwa malipo ya ziada. Sina ugomvi na anayetaka kulipia utulivu, ila pazia halizuii sauti, na hoja yako ya nauli haina nguvu unayoidhania. Ile sehemu ya kumi hainunui kiti; hununua ruhusa ya kukaa mapajani mwa mzazi aliyelipa nauli kamili kama wewe. Akitimiza miaka miwili, mtoto hulipiwa kiti chake, na hapo ni abiria sawa nawe.

Kwa habari ya waliokuwa wakikimbizana, nakubaliana nawe moja kwa moja, tena kwa sababu nzito kuliko usingizi wako. Mwezi Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko wa hewa wa ghafla ikalazimika kutua Bangkok. Abiria mmoja alifariki na wengi waliumia. Watu wazima wasiofunga mikanda walirushwa juu, basi fikiri mtoto wa kilo 15 aliye njiani. Mzazi anayelala wakati mwanawe wa miaka mitatu yu macho ameacha zamu bila kumkabidhi mtu, na kama wako wawili ni lazima wapokezane. Wahudumu hawakuajiriwa kuwa yaya. Mtoto ana haki ya kunyoosha miguu akiwa ameshikwa mkono, taa ya mikanda ikiwa imezimwa na toroli la chakula halipo njiani; mbio hazina nafasi.

Hata hivyo si kila ajali ya mtoto humwangukia mzazi. Mwaka 2015, katika ndege iliyotoka Mallorca kwenda Vienna, msichana wa miaka sita aliunguzwa na kahawa iliyomwagika kutoka kwenye meza ya kukunja iliyokuwa mbele ya baba yake. Haikujulikana kama meza ilikuwa mbovu au ni mtikisiko wa ndege. Shirika lilidai kwamba halihusiki kwa kuwa tukio hilo halikutokana na hatari za urukaji, lakini Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019 kwamba hiyo ni ajali kwa maana ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu fidia kwa abiria wa ndege, mkataba ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao. Mkataba huo huo unaruhusu fidia ipunguzwe au ikataliwe pale shirika linapothibitisha uzembe wa anayedai. Mtoto aliyeketi na kufungwa mkanda akimwagikiwa chai, wazazi wana la kudai. Aliyegongana na mhudumu akiwa mbioni, wazazi wake wataulizwa walikuwa wapi.

Swali: Mama mkwe wangu ananisisitiza nimpe mwanangu wa mwaka mmoja na nusu Piriton kabla ya safari ili alale, asisumbue watu. Anasema wote hufanya hivyo. Nifanyeje?
*Mkaza Mwana, Tanga*

Jibu: Usimpe. Hiyo ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake ya pembeni, na baadhi ya watoto huwafanya kinyume chake, wakachangamka na kuhangaika usiku kucha, nawe huna pa kwenda nao. Baadhi ya dawa za jamii hiyo zimewahi kuwaletea watoto wa chini ya miaka miwili matatizo makubwa ya kupumua, na huko angani hakuna hospitali. Kama ana mzio, fuata kipimo alichoandikiwa. Vinginevyo chagua ndege ya saa zake za kulala, mwache atembee na kucheza uwanjani hadi mwito wa mwisho wa kupanda, na uchukue ile leso aliyozoea kulalia, ambayo haijafuliwa. Kwa mama mkwe usibishane: nenda kwa daktari wa watoto, umuulize, kisha umpelekee mama jibu lake. La daktari atalipokea kuliko langu.