Nge aliyekufa: umkaushe au umtie kwenye ethanoli?

Pole kwa kuondokewa na nge uliyemfuga kwa miaka 6. Umeuliza kama, ili kumhifadhi, umkaushe au umtie kwenye ethanoli, yaani alkoholi. Kwanza hakikisha kwamba amekufa kweli, kwa kuwa nge huweza kukaa siku nyingi bila kujongea, na wapo waliowahi kulidhania gamba lililovuliwa kuwa ni maiti. Mshike kwa kibano, maana mwiba wa mkia ungali unaweza kuchoma.

Mimi ningechagua ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Nge mnene akikaushwa mzimamzima, tumbo lake laini huanza kuoza kabla halijakauka, kisha hunywea, na mkia huvunjika kwa kuguswa tu. Mpange miguu na mkia angali mlaini, umdunge ethanoli tumboni kwa sindano, na baada ya siku chache uibadilishe yote, kwani maji ya mwilini huwa yameizimua. Kikaratasi cha maelezo kiandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka. Ukimmulika gizani kwa taa ya urujuanimno (UV), bado atang'aa rangi ya kijani yenye ubuluu, kama alivyong'aa akiwa hai.