Kisu kidogo kisichokunjwa cha kutembea nacho: anza na ala (mfuko wa kisu)

Ndugu yangu, umeuliza ununue kisu gani kidogo kisichokunjwa cha kutembea nacho kila siku hapo Goma, kwa kukata kamba, kufungua magunia na kumenya matunda. Umeweka picha ya kile cheusi chenye makali pande zote mbili, ukauliza pia kama ni sawa kukivaa shingoni. Mimi napokea mizigo ya boti huku Bukavu. Kisu changu kinafanya kazi tangu asubuhi, leo kwenye nailoni ya magunia ya maharagwe, kesho kwenye nanasi za kisiwa cha Idjwi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kile cheusi kiache. Kisu chenye makali pande mbili hakina mgongo wa kuwekea kidole gumba, na kazi nyingi za kisu kidogo ni kusukuma kwa kidole gumba. Halafu kina sura ya silaha, na wewe mwenyewe unajua tunavyopita bariyeri, vizuizi vya ukaguzi barabarani. Anayekagua begi hana muda wa kusikiliza habari za nanasi. Lakini kisu kifupi chenye mpini wa mbao, au wa plastiki nyekundu, kikikutwa pamoja na bisibisi, tupa na kamba, hakihitaji maelezo mengi.

Bapa la sentimita 7 au 8 linatosha. Mpini ndio usibane: vidole vyote vinne vikae juu yake, maana kisu cha kushikwa kwa vidole viwili huteleza mkono ukiwa na maji ya samaki. Unene uwe milimita 2 au 2.5. Vijana wanapenda bapa la milimita 4 au 5 wakidhani ndiyo nguvu, lakini jaribu kulipitisha kwenye nanasi: halikati, linapasua. Vipimo vizuri vya kufuata ni visu vya Mora kutoka Uswidi. Aina yao ya Companion ina bapa la sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, ya Eldris ni sentimita 6 hivi kwa milimita 2. Tafuta sokoni chochote kilicho kati ya hivyo viwili.

Kuhusu chuma, mabishano hayaishi na mengi hayakuhusu. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi hata kwenye jiwe la kawaida, lakini maji ya nanasi au ndimu yanakitia weusi muda huohuo, na kwetu mvua ikianza Septemba inakwenda mpaka Mei. Inoksi, chuma kisichoshika kutu upesi, inasumbua kidogo kwenye jiwe, ila inakusamehe ukisahau kuifuta. Kwa kazi ulizotaja, chukua inoksi. Ungekuwa fundi seremala ningekuambia vingine.

Wazee watakuambia uchukue Okapi ya kukunja na uachane na haya yote. Ni kisu kizuri, na kina historia: kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika, na siku hizi kinatoka Afrika Kusini. (Jina wamechukua kwa okapi, mnyama wetu wa misitu ya Ituri, ila sijasikia Ituri ikilipwa chochote.) Tatizo la kisu chochote cha kukunja ni kiungo chake. Magamba ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na vumbi la muhogo vinaingia mle, vinaganda, na kuvitoa ni kazi. Kisichokunjwa unakitia kwenye maji ya sabuni, unakifuta, basi.

Ukitaka cha mhunzi wa hapa, kinawezekana, na bei yake itakufurahisha. Wengi wanafua resori (springi) ya lori, na hicho ni chuma kizuri. Kizuri tu kikichomwa, kikazimwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena polepole mpaka kiwe na rangi ya majani makavu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mafundi wenye haraka wanaruka, na kisu kinavunjika ncha kikianguka sakafuni. Nenda na tupa yako. Ipitishe kidogo kwenye makali: ikiteleza kama inayopita kwenye kioo, chuma ni kigumu, ikiuma na kutoa unga, ni laini, na utakuwa unanoa kila jioni. Tupa haitakuambia kama fundi alipasha tena. Hilo muulize, na usikilize kama anajibu kwa raha au anabadilisha mazungumzo.

Sasa ala, ambayo hukuiuliza. Kisu kisichokunjwa hakina pa kujificha, ala ndiyo usalama wake wote, na wauzaji wengi wanakupa kipande cha ngozi nyembamba kilichoshonwa kwa uzi wa nguo. Ngozi inanywa maji na kuyahifadhi, kisu kinalala kwenye unyevu, asubuhi unakuta kutu hata kwenye inoksi ya bei ndogo. Tengeneza ya plastiki. Tafuta kipande cha bomba la maji la PVC, kipasue kwa urefu, kipashe juu ya makaa nje ya nyumba, kwa mbali, maana ukikiunguza moshi wake ni sumu. Kikilegea, kifunue, kikunje juu ya bapa ulilozungushia gazeti mara moja, kisha bana katikati ya mbao mbili mpaka kipoe. Funga ukingo kwa ribiti, na toboa tundu chini maji yatoke. Gazeti ukilitoa, linabaki pengo dogo ili makali yasikwaruzwe. Mdomo wa ala ndio ubane, pale mpini unapoanza. Geuza juu chini juu ya godoro, tikisa kwa nguvu. Kikianguka, pasha mdomo tena ubane zaidi.

Kukibeba, mimi nakilaza kwenye mkanda, kwa nyuma kidogo ya nyonga, shati likifunika. Kikisimama wima kinachoma paja ukikaa kwenye boti. Nikienda mjini bila kazi kinabaki nyumbani, na nikisafiri kwa ndege kinaingia kwenye mzigo wa chini, si begi la mkononi.

Shingoni, hapana. Wewe ni mtu wa kupanda pikipiki kila siku; ukianguka, kisu kiko kati ya kifua chako na barabara, na kamba iko kooni. Ukishindwa kabisa kukiweka kwenye mkanda, kitie mfuko wa mbele wa suruali, ala ikiwa imefungwa kwa kamba fupi kwenye kitanzi cha mkanda: ukivuta kisu, ala inabaki mfukoni.