Zaka kulipia faini ya muuza unga

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Kaka yangu amepatikana na hatia ya kuuza unga (dawa za kulevya) hapa Mombasa, faini milioni 30 au kifungo cha miaka 30. Wazee wanataka tuchange. Mjomba anasema zaka yake ataitia humo kwa kuwa kaka sasa ni mdeni. Yafaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Pole dada yangu, msiba wa namna hii hauna matanga.

Adhabu hiyo hakuibuni hakimu. Ndiyo sheria ya Kenya tangu marekebisho ya 2022. Dawa ikizidi gramu 100, faini huanzia milioni 50 au kifungo cha miaka 50. Katika fiqhi hii ni taaziri, yaani adhabu aikadiriayo mtawala, si hadi, yaani adhabu iliyokwisha wekewa kipimo na sharia, kwani hapana aya iliyotaja kipimo cha adhabu ya muuza unga. Mtawala hukadiria kwa ukubwa wa madhara, na madhara yake sisi watu wa pwani hatuhitaji kusomewa kitabuni. Tunawapita mateja tukienda alfajiri. Kuhusu kumtoza mtu mali kama adhabu, wanazuoni wamekhitalifiana: wengi katika madhehebu manne wamekataa, Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim wakaruhusu. Khitilafu hiyo haimfanyi kaka yako kuwa amedhulumiwa.

Sasa zaka. Mjomba ameshika neno "wal-gharimina", yaani "na wenye madeni", katika Sura at-Tawba aya ya 60, akaliacha sharti. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj amesema aliyeingia deni kwa maasi hapewi, ila akitubu. Hiyo ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi kwetu Mashafii. Na toba si machozi ya kizimbani. Aseme ameacha, na aachane na waliokuwa wakimletea mzigo.

Hata akitubu, lipo jambo la pili, na hapa ndipo watu hujisahaulisha. Mdeni anayestahiki zaka ni asiye na cha kulipia. Kaka ana nyumba? Ana gari? Vitoke hivyo kwanza. Mafukara wa mtaani, na huenda miongoni mwao wamo wazazi wa hao mateja, wasinyimwe haki yao ili mali ya unga ibaki salama.

Mjomba akitaka kusaidia kwa sadaka, mlango uko wazi, wala hakuna anayelazimika. Kumpa mtu kitu "cha chai" ili hukumu ipunguzwe kwenye rufaa ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Na mama akisema atauza kiwanja chake, mwambieni asubiri mpaka gari la kaka liuzwe.