Panya waliokesheshwa na bado wanakumbuka: angalia muda na aina ya jaribio

Mkuu, umesema panya wako wa C57BL/6 (aina ya panya wa maabara) walipigwa shoti ya umeme baada ya mlio, wakakesheshwa masaa 5, na kesho yake waliposikia mlio wakaganda kwa woga sawasawa na wale waliolala, ukashangaa kwamba kukosa usingizi hakukuharibu kumbukumbu. Hapo hakuna ajabu. Kumbukumbu ya mlio inategemea zaidi amigdala (sehemu ya ubongo inayohusika na woga), na masaa 5 bila usingizi hayaitikisi. Inayoumia ni kumbukumbu ya mahali, ambayo ni kazi ya hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo. Mtafiti Graves na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2003: kukeshesha masaa 5 mara tu baada ya funzo kulipunguza woga wa chumba, woga wa mlio ukabaki palepale. Walipokeshesha kuanzia saa ya 5 hadi ya 10 baada ya funzo, chumba nacho kilikumbukwa vizuri tu.

Kwa hiyo rudia kwa chumba peke yake, bila mlio. Funza taa zikishawashwa asubuhi, kwa sababu panya hulala zaidi mchana. Ukifunza jioni utakuwa unamkeshesha mnyama ambaye angekuwa macho hata hivyo. Dakika 2 na nusu za kuzunguka chumbani, shoti moja ya 0.75 mA (miliampea) kwa sekunde 2, nusu dakika tena, mtoe. Anza kukeshesha papo hapo. Baada ya masaa 24 mrudishe chumba kilekile, upime kuganda kwa dakika 5.

Kukeshesha kwenyewe: gonga kizimba, kitikise kidogo, vuruga matandiko pale tu anapojikunja na kufumba macho. Saa ya 4 na ya 5 hutaweza kukaa chini. Usimtupie vitu vipya vya kuchezea ili asisinzie, maana hapo unampa funzo la pili juu ya la kwanza. Mzoeshe mikono yako siku kadhaa kabla. Wale wa kulinganisha wawe chumba kingine kabisa, la sivyo kelele zako zitawaamsha nao.

Kuhusu jukwaa juu ya maji ulilotaja: linaondoa hasa usingizi wa ndoto, kwani misuli ikilegea mnyama anatumbukia. Lakini lina msongo mwingi, na mhakiki wa makala yako atakuuliza juu ya kotikosteroni (homoni ya msongo) kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Kwa swali lako sioni haja yake.

Ukitaka kuepuka shoti kabisa, tumia jaribio la kuhamisha kitu: mnyama anazoea vitu, kisha unahamisha kimoja, na anayekumbuka hukichunguza zaidi hicho. Havekes na wenzake (2016) waliona masaa 5 ya kukesha yanapunguza vichomozo vya neva (vinundu vidogo vya kupokea ishara) katika eneo la CA1 la hipokampasi, protini iitwayo kofilini ikihusika, na walipoizuia kufanya kazi wanyama walikumbuka kitu kilichohamishwa. Futa vitu kwa alkoholi ya 70% kila mnyama anapotoka, na alama ya ukutani anayoitumia kujua mahali isisogezwe hata kidogo.